Filimbi Iliyonuka Samli

Kituntu, Karagwe
14 Machi 1909

Kwa mjomba wangu Mgeni bin Mwinyikombo, dukani kwake, Bukoba.

Shikamoo, mjomba. Mimi ni mzima, na ninaomba barua hii ikukute mzima pamoja na mama yangu. Mwambie ninakula, na kwamba blanketi alilonipa linatosha. Mvua imeanza na kila kitu kina unyevu. Karatasi hii nimeikausha kwanza juu ya taa.

Nina swali moja, nalo linahusu kazi uliyoifanya ujanani. Niliwahi kusikia kwamba ulipiga zumari kwenye harusi za pwani kabla meno hayajakung'oka. Nataka kujua jinsi ya kusafisha na kutunza chombo cha kupuliza, kilichotengenezwa kwa mti mweusi, mzito, kama mpingo. Kimeachwa chini ya uangalizi wangu. Mwenyewe amesafiri. Alipokuwa akipanda mnyama wake aliniambia neno moja tu, “Tunza,” akaenda zake.

Mjomba, nimelifikiria sana neno hilo. Angesema “funga sandukuni” ningefunga. Angesema “usiguse” nisingegusa. Lakini “tunza” halina mwisho. Jumapili nilifungua sanduku nikakuta ukungu mweupe umeota juu ya mti, kama unga uliomwagika. Nikiufuta kwa nguvu naogopa kukwaruza. Nikiuacha naogopa utaingia ndani ya mti. Nikifunga sanduku unazidi, nikiliacha wazi wanaingia wadudu.

Mwenye chombo simtaji. Barua za ofisi hii hupita mezani kwa Shaushi, mkubwa wa askari hapa, kabla hazijatiwa mfukoni, na Shaushi ni msomaji mzuri. Nitakuambia tu kwamba mwezi uliopita tarishi mmoja alivuka mto na mfuko wa barua ukalowa. Alipigwa kiboko hamsa ishirini pale uwanjani mbele ya bendera. Ni mtu mzima, ana wajukuu. Mpaka sasa anakula amesimama. Mimi ndiye niliyeandika jina lake na kosa lake, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na mwandiko wangu siku ile haukuwa mzuri.

Nijibu upesi, tafadhali. Niandikie kila hatua kwa utaratibu, nami nitaifuata kama ulivyoiandika.

Mwanao,
Abdulghani bin Seif
Karani


Bukoba
Mwezi wa Mfungo Sita, mwandamo, 1327 Hijria

Mwanangu Abdulghani,

Marahaba. Mama yako Mwanamisi amekaa hapa kando yangu juu ya gunia la chumvi, na ananiamuru niandike kwamba blanketi halitoshi, hata ukisema linatosha. Haya, nimeandika.

Barua yako nimeisoma mara mbili, maana umeandika kama mtu aliyekwenda kwa mganga akakataa kusema panapouma. “Chombo cha kupuliza.” “Mwenyewe amesafiri.” Lakini umetaja mpingo, na umeniuliza mimi, kwa hiyo nimejua. Ni zumari. Huenda ni ya mmoja wa askari wenu wa pwani. Nimefurahi. Tangu nije bara kuuza nguo na chumvi hakuna aliyewahi kuniuliza habari ya zumari, watu wananiuliza bei tu.

Sasa sikiliza. Zumari ni kama mzee: akikauka hupasuka, akilowa huvimba. Ukungu usiukwangue kwa kitu kikali. Chukua kitambaa laini kikuukuu, ukifunge kwenye kijiti, ukipitishe ndani mpaka kitoke safi. Kitambaa cha pili kipitishe nje. Kisha mafuta. Paka mafuta ya nazi kwa unyoya wa kuku, kidogo kidogo, ndani na nje, mti unywe. Usiwe na haraka na usitumie mkono mzito. Nazi huko hamna, na mafuta yangu yamekwisha, nangoja mzigo wa pwani. Basi tumia samli. Wanyambo ni watu wa ng'ombe, hutakosa.

Ukimaliza usiirudishe sandukuni. Sanduku wakati wa mvua ni kaburi. Itundike juu ya jiko, kwenye boriti, mahali moshi unapofika lakini moto haufiki. Fukusi hawapendi moshi. Ya kwangu ilikaa juu ya jiko la bibi yako miaka yote na haikutobolewa hata mara moja. Ilinuka dagaa, ni kweli, lakini bwana harusi gani alinusa zumari?

Na huyo mwenye nayo akirudi, mwambie asukutue mdomo kabla ya kupuliza. Utamu wa tende ndio unaovuta sisimizi.

Usiogope sana, baba. Mti ni mti tu.

Mjomba wako,
Mgeni bin Mwinyikombo


Kituntu
9 Aprili 1909

Kwa mjomba wangu.

Shikamoo. Barua hii anakuletea Kibwana, anayeshuka Bukoba na ngozi zake. Haipiti kwa Shaushi, kwa hiyo naweza kuandika yote.

Si zumari. Ni filimbi ya Kizungu, na ni ya Bwana Luteni mwenyewe, mkuu wa kituo hiki. Ilikuwa ya baba yake. Yeye amekwenda upande wa Kamuli, mpaka mto Kagera, kupima mpaka. Filimbi hii haipulizwi kwa mbele kama zumari bali kwa ubavu, na ina vipande vitatu vinavyochomekana. Juu ya matundu yake kuna vifuniko vidogo vya fedha vinavyoinuka na kushuka kwa vidole. Chini ya kila kifuniko palikuwa na kigodoro kidogo cha sufu kilichovishwa ngozi nyembamba sana, ili tundu lizibike barabara.

Naandika “palikuwa”.

Nilifuata kila neno lako. Ulipoandika juu ya kijiti na kitambaa, nilifanya, na ukungu ulitoka. Ulipoandika samli, nilikwenda kwa mpishi wa Bwana Luteni. Jina lake Byabato, Mnyambo wa hapa Kituntu, mtu wa maneno mengi. Alinipa samli ya ng'ombe, wao wanaiita amajuta, safi na nzito. Niliipaka kwa unyoya wa kuku. Barua yako haikutaja vifuniko wala vigodoro, nikadhani ni jambo dogo ambalo kila mpigaji analijua, nikaona haya kukuuliza tena. Nilivipaka navyo. Nilifikiri visipopakwa vitakauka.

Kisha nikaitundika juu ya jiko la Byabato.

“Karani,” akaniambia, “huyo unayemkausha ni samaki gani?”

“Si samaki. Ni maagizo.”

“Ya nani?”

“Ya mjomba wangu.”

“Waitu! Basi mjomba wako ni mkubwa kuliko Luteni.”

Asubuhi ya tatu nilikwenda kuitazama. Panya walikuwa wamekula vigodoro vyote. Vyote, mjomba. Hawakugusa mti. Mti uko salama na unang'aa kuliko nilivyoukuta. Katika habari ya mti maelekezo yako yalikuwa sahihi kabisa. Lakini vifuniko vinagonga matupu sasa, na nikipuliza inatoka pumzi tu, kama mtu anayepoza uji.

Byabato aliitazama kwa muda. “Ukiulizwa, sema ni panya,” akasema.

Nikamwambia panya hawaitwi uwanjani.

“Basi nitaitwa mimi. Jiko ni langu, samli ni yangu, na panya nimewalea mwenyewe.” Akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi sikucheka. Niliona kwamba alichosema ni kweli hasa, na kwamba ndivyo itakavyoandikwa, na atakayeandika ni mimi.

Bwana Luteni ameleta habari kwamba atarudi kabla ya mwisho wa mwezi. Mama usimsomee haya.

Mwanao,
Abdulghani


Bukoba
Mfungo Sita, baada ya maulidi, 1327

Mwanangu,

Mama yako nilimsomea salamu na habari za mvua. Akaniuliza mbona karatasi ni ndefu hivi. Nikamwambia huko mvua ni nyingi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ungeniandikia neno moja tu, “vifuniko”, ningejua hiki si chombo changu, ningekuambia usikiguse. Lakini sitakulaumu peke yako. Uliniuliza nusu ya swali, nami nikajibu kana kwamba nimeulizwa zima, kwa sababu nilitamani sana liwe ni la zumari. Samli ni neno langu. Boriti ya jikoni ni neno langu. Haya, tuyaache hapo, tutengeneze.

Nilipokuwa pwani nilikaa jirani na mtu wa bendi ya askari. Alikuwa na chombo chenye vifuniko kama hivyo, na nilimwona akibadilisha vigodoro uani kwake. Sufu ya Kizungu hunayo, wala mimi sinayo dukani. Lakini huko mna rubugo, ile nguo ya gome wanayovaa wazee. Tafuta iliyochakaa, iliyokuwa laini kwa kuvaliwa, si mpya. Kata miduara midogo, uibandike miwili au mitatu pamoja mpaka unene utoshe. Juu yake uvishe utando wa utumbo wa ng'ombe. Utando, si utumbo. Ule wa nje kabisa, unaopita mwanga. Uoshe, uukwangue kwa ukucha, uutandaze juu ya chupa, uuache ukauke kivulini. Ukivisha, uvute usiwe na kunyanzi hata moja. Gandisha ndani ya kifuniko kwa nta ya nyuki, ukikipasha moto kifuniko, si mti.

Namna ya kupima ni hii. Chukua karatasi nyembamba, ile ya kuvingirishia tumbaku. Iweke chini ya kigodoro, ufunge kifuniko, uivute polepole. Ikitoka bure, pale pana tundu na pumzi itapotea. Ikikataa kidogo, kama mtoto anayeshika kanga ya mamake, hapo umefaulu. Zungusha, upime pande zote.

Na samli yote ifute. Futa, kisha futa tena. Usitumie sabuni ndani. Harufu ndiyo itakayokufichua, maana samli ikishanywewa na mti, pumzi ya moto huiamsha.

Kuhusu Byabato, sina la kukufundisha. Vigodoro vinafundishika kwa barua. Mambo ya uwanjani hayafundishiki.

Kibwana atakuletea hii, amekubali kurudi upesi.

Mjomba wako,
Mgeni


Kituntu
2 Mei 1909

Kwa mjomba wangu Mgeni bin Mwinyikombo, Bukoba.

Shikamoo, mjomba, na salamu nyingi kwa mama. Barua hii inapita katika mfuko wa serikali kwa njia ya kawaida.

Nina furaha kukuarifu kwamba ile kazi ya kutunza chombo imekamilika. Rubugo niliipata kwa baba yake Byabato, mzee ambaye ameivaa tangu kabla ya kituo hiki kujengwa. Alikata pindo mwenyewe kwa kisu akaniuliza kama Wazungu sasa wanavaa filimbi. Utando tuliupata Kamuli, ng'ombe alipochinjwa kwa harusi. Vigodoro vya kwanza vilikuwa na kunyanzi, nikavitupa. Vya pili vilikuwa vinene. Vya tatu vilishika karatasi pande zote, isipokuwa kimoja cha mwisho, kile cha kidole kidogo, ambacho kilishika upande mmoja tu. Nilikusudia kukirudia.

Bwana Luteni alirudi kabla sijakirudia.

Siku hiyohiyo, kabla ya kuvua viatu, aliomba sanduku. Alichomeka vipande akapuliza pale barazani. Filimbi ililia, mjomba. Ililia yote, kutoka chini mpaka juu. Sauti moja tu ilikuwa na pumzi pembeni, ile ya kidole kidogo, na sidhani kama mwingine angeisikia. Alipiga wimbo mzima. Askari waliokuwa wakisafisha bunduki walinyamaza. Byabato alitoka jikoni na mwiko mkononi, akanitazama, akainua nyusi zake.

Wimbo ulipokwisha Bwana Luteni aliishusha filimbi akainusa. Kisha akainusa tena kwenye tundu.

“Nani napaka siagi hii?” akauliza. Akafungua kifuniko kimoja kwa ukucha, akaona rubugo. “Hii nanuka jiko.”

Akamwita Byabato.

“Mimi ni mpishi, Bwana,” Byabato akasema. “Siagi naipaka kwenye mkate.”

Bwana Luteni hakucheka. Alimwambia Shaushi neno, na Shaushi akanigeukia mimi nilete kalamu niandike jina.

Nilileta kalamu. Baada ya hapo nilimweleza Bwana Luteni mambo mawili matatu ambayo hakuwa ameyajua, na jina lililoandikwa likabadilika. Nililiandika vizuri, herufi zote zinasomeka. Byabato alirudi jikoni, na chakula cha jioni hakikuchelewa. Asubuhi yake kazi za ofisi ziliendelea kama kawaida.

Hali ya hewa ni nzuri. Barua hii naiandika nimesimama, kwa kuwa dirisha la ofisi liko juu na mwanga wake unafaa zaidi. Ukiona mwandiko umepinda, ni kwa sababu hiyo.

Jambo la mwisho. Jana jioni Bwana Luteni alikuja na sanduku akaliweka mezani kwangu. Alisema baba yake hakuwahi kuutunza mti vizuri hivi. Kisha akasema lile neno lake, “Tunza,” akaondoka. Kwa hiyo bado ninayo. Kile kigodoro cha kidole kidogo nitakitengeneza upya.

Mwambie mama kwamba filimbi inalia.

Mwanao,
Abdulghani bin Seif
Karani


Bukoba
Mfungo Saba, mwezi ukipungua, 1327

Mwanangu Abdulghani,

Barua yako ilifika. Nilimsomea mama yako mpaka pale askari waliponyamaza, kisha nikaikunja. Alifurahi. Amekaa tangu asubuhi akiwaambia wateja kwamba mwanawe ametengeneza filimbi ya Mdachi kwa nguo ya gome, na mtu mmoja aliyekuja kununua chumvi ameondoka bila chumvi, amesahau, kwa kumsikiliza.

Kibwana naye ameshuka juzi na ngozi zake. Alikuwa huko Kituntu siku ile. Hakutaka kusema, na mimi sikumlazimisha. Nilimwuliza kitu kimoja tu: Abdulghani anakula amekaa? Akatazama mizani yangu, akaanza kuniuliza bei ya kaniki.

Mzigo wa pwani umefika. Ndani ya kikapu hiki kuna chupa ya mafuta ya nazi, nimeifunga kwa majani makavu ya mgomba isivunjike njiani. Ni mafuta mazuri, meupe, ya tui la kwanza. Nilikuwa nimeyaagiza kwa ajili ya ile filimbi.

Usiipake filimbi. Filimbi imeshakunywa ya kutosha.

Yapake kwa unyoya wa kuku, kidogo kidogo, ngozi inywe. Usiwe na haraka. Mwenyewe mkono wako hautafika, kwa hiyo mwombe Byabato, kama mkono wake si mzito. Lala kwa tumbo. Blanketi la mama yako lisikuguse mpaka pakauke.

Jina uliloliandika siku ile, na herufi zote zikasomeka, ni lako na la baba yako. Hukulichafua.

Usinijibu barua hii upesi. Nijibu siku utakayoandika umekaa.

Mjomba wako,
Mgeni bin Mwinyikombo